Nilimsomea Baba Nusu ya Karatasi

Mama Helen mpendwa,

Hii ni mara ya nne naanza barua hii na mara tatu nimeichana, kwa hiyo nisamehe kama mwandiko umeinama, naandika darasani wakati wenzangu wako uwanjani na sina muda mrefu, na nyumbani siwezi kuandika kwa sababu kila mtu ataniuliza naandika nini. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili hapa Juba. Nimemdanganya baba yangu mara mbili kwa kutumia kusoma kwangu, na sasa nikinyamaza atapotea, na nikisema atajua kwamba mtoto anayemwamini kuliko watu wote ndiye aliyemfanya mjinga. Nisaidie, sijui pa kwenda.

Nikueleze kwanza sisi ni watu gani. Baba ni Mbari na mama ni Mmadi, walikutana Uganda wakati wa ukimbizi, ndiyo maana nyumbani tunasema Kiswahili, na tulirudi mwaka wa sabini na tatu juu ya lori, cherehani ya baba ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Baba ni fundi wa nguo. Anashona kwenye baraza ya duka moja la mtaa wa Hai Jalaba, watu wanamwita Fundi Lagu, na zamani alikuwa anamaliza suti ya bwana harusi kwa siku mbili bila kumwita mtu kupimwa tena. Hakusoma hata darasa moja. Namba anazijua kwa sababu ya futi ya kupimia, lakini herufi hazijui, na kila karatasi inayoingia nyumbani kwetu, iwe ya kanisa au ya serikali au ya shule yangu, ananipa mimi, anakaa kwenye kiti, anakunja mikono, halafu anasema, "Haya, Mwalimu, soma." Ananiita Mwalimu tangu nilipokuwa darasa la tatu. Mbele ya wateja wake husema, "Karatasi yoyote, hata ya Kiingereza kigumu, leteni kwa binti yangu."

Baba anakunywa araki. Sijawahi kuandika maneno hayo matatu mahali popote. Kwetu mtoto hamtaji baba yake pamoja na pombe, na mama pia hataji, akianguka mlangoni mama husema, "Baba yenu amechoka," na sisi watoto tunasema hivyo hivyo, baba amechoka, na jirani wakiuliza tunawajibu amechoka, mpaka mdogo wangu siku moja alimwona mlevi sokoni akaniambia, "Dada, tazama yule mzee alivyochoka." Asubuhi mikono ya baba inatetemeka mpaka uzi hauingii kwenye sindano, akinywa nusu glasi inatulia, mchana anakunywa kwa sababu ya jua, jioni anakunywa kwa sababu ya rafiki zake, na hajawahi kutupiga, Mama Helen, nataka ujue hivyo, akinywa anakaa kimya tu na kutazama ukuta.

Mwezi wa pili alikata kanzu za kwaya ya parokia na mikono yote ya kushoto ikatoka mifupi. Wanawake wa kwaya walizivaa pale pale barazani wakacheka, mmoja akasema, "Fundi, basi tutaimba tukiwa tumeinua mkono mmoja kama tunaagana na treni," na mwingine akasema, "Malesh, Fundi, si kitu, Mungu anatazama sauti." Baba hakucheka. Kesho yake alivaa shati lake la Jumapili akaniambia, "Twende hospitali, Mwalimu. Mikono yangu ina ugonjwa."

Daktari hakujua Kiswahili wala Kibari, alisema Kiingereza, na mimi nikasimama katikati. Alimbonyeza baba chini ya mbavu, akamfunua macho, akaniambia nimuulize baba anakunywa kiasi gani kwa siku. Nilimgeukia baba. Nikasema, "Anauliza unakunywa maji kiasi gani." Baba akajibu, "Mengi. Mwambie mengi sana, kwa sababu ya joto la barazani." Nikamwambia daktari, mengi sana. Daktari akatikisa kichwa akasema, mwambie baba yako pombe imeharibu ini lake, na asipoacha sidhani kama atafika miaka miwili. Nikasema, "Baba, anasema mikono yako imechoka. Kuna nyumba njia ya Rejaf wanaitibu."

Hapo ndipo ilipoanzia. Daktari alitupa karatasi ya ile nyumba na fomu ya kujaza, zote kwa Kiingereza. Nyumba yenyewe inaendeshwa na watu wa kanisa kwa ajili ya walioshindwa na pombe. Usiku ule nilisoma karatasi yote peke yangu na nilishangaa, kwa sababu nilidhani mahali pa namna hiyo ni kufungiwa tu, kumbe kuna chumba cha siku za kwanza ambako muuguzi anakaa na mgonjwa anapotetemeka na kutoka jasho na anapewa dawa na sindano za vitamini, halafu kuna wiki sita za kulala pale pale, na kuna mtu wa kuzungumza naye peke yake, na kuna duara ambapo wote wanakaa pamoja na kila mmoja anasema ukweli wake, na kuna bustani na karakana ili mtu asisahau kazi, na kuna Jumapili ya familia, na mtu akirudi nyumbani mfanyakazi wao anakuja kumtembelea kwa baiskeli kwa miezi kadhaa. Nilisoma mara mbili. Nilifurahi mpaka nikalia. Asubuhi baba akakaa kwenye kiti, akakunja mikono, akasema, "Haya, Mwalimu, soma." Nikamsomea muuguzi, sindano, bustani na karakana. Kila palipoandikwa pombe nikaparuka. Duara nilisema ni mazoezi. Kwenye fomu kulikuwa na swali, je, mgonjwa anajua sababu ya kuletwa, nikaandika ndiyo, na baba akaweka dole gumba chini ya jibu langu.

Alikwenda na mkasi wake na futi shingoni, akijua anakwenda kutibiwa mikono. Siku tano alikuwa kitandani na homa na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu fomu yangu ilisema anajua. Siku ya sita walimpeleka kwenye duara. Akamkuta pale Mzee Soro, mteja wake wa zamani, na Mzee Soro akafurahi akasema kwa sauti, "Fundi! Karibu, ndugu. Hata wewe umekubali kwamba araki imekushinda? Basi sote tutapona." Baba alisimama. Akauliza hii ni nyumba gani. Muuguzi anayeitwa Emilio akamweleza kwa Kibari, pole pole, na baba akasema, "Hapana. Karatasi yenu inasema mikono. Mtoto wangu aliisoma." Emilio akamuuliza, "Mtoto wako alisoma yote, mzee?" Baba akasema, "Mtoto wangu ni wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Hakosei. Ninyi mmeandika uongo." Akachukua mkasi wake akatembea kwa miguu kutoka kule mpaka nyumbani.

Kama angekuja kunipiga ningeona nafuu. Aliingia uani mchana, vumbi mpaka magotini, akaniwekea mkono begani mbele ya mama na mbele ya baba mdogo Swaka, akasema, "Usione haya, Mwalimu. Wamekudanganya hata wewe. Watu wakubwa wanamwandikia mtoto uongo! Wananiita mlevi mbele ya Soro." Na mkono wake begani kwangu ulikuwa umetulia, Mama Helen. Haukutetemeka hata kidogo. Siku sita hakuwa amegusa araki, na mimi nilikuwa naona uso wake mzima kwa mara ya kwanza tangu Uganda.

Sasa anawaambia watu wote barazani kwamba ile nyumba ni ya matapeli na amewazuia wawili wasiende. Alhamisi mtu wa baiskeli alileta barua ya Kiingereza kutoka kwa Emilio. Imeanza hivi: "Kwa yeyote atakayemsomea Fundi Lagu barua hii, tafadhali soma yote." Halafu inasema, "Fundi, ulipoondoka ulikuwa na hasira na ulikuwa na haki. Tulipaswa kukuuliza wewe mwenyewe, kwa lugha yako, kabla ya kukupokea. Hilo ni kosa letu. Ini lako ni gonjwa na ni kwa sababu ya pombe. Mikono yako inaweza kutulia, umeiona mwenyewe. Kitanda chako kipo mpaka Jumamosi ijayo, baada ya hapo kuna mtu mwingine anakingoja." Baba akakaa, akakunja mikono. "Haya, Mwalimu. Wanasemaje?" Nikamwambia, "Ni salamu tu, baba."

Barua hiyo iko ndani ya kitabu changu cha jiografia. Mama nilimwambia ukweli, naye akasema, "Nyamaza. Ukimwambia utamvunja, ana nini kingine cha kujivunia? Mimi nitamtibu hapa hapa." Kwa hiyo kila asubuhi anampa bakuli la kwete, ile pombe nzito ya nafaka, anasema kwete si pombe, ni chakula, hata bibi zake walikuwa wanapewa wakijifungua. Baba mdogo Swaka, yeye anasema, "Mambo ya nyumba ya Wazungu kalas, imekwisha. Mimi iko na kamba na iko na stoo. Tunamfungia wiki moja, atalia, atanyamaza, atatoka mtu mpya." Na jana baba alimaliza kwete akamuuliza mama kile kichupa chake cha araki, alichokificha mama, kiko wapi.

Niseme au ninyamaze? Au niiandike barua ya Emilio upya, niondoe maneno mabaya tu, niache kitanda? Nimewaza hata kuacha kusoma, kwa sababu naona kusoma kwangu ndiko kulikoleta haya yote. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Mimi,
Msomaji wa Hai Jalaba

*

MAMA HELEN ANAJIBU

(Jibu hili lilipelekwa kwa mwenyewe kwa mkono, Jumanne ile ile barua ilipofika. Linachapishwa sasa kwa ruhusa yake, majina yakiwa yamebadilishwa, kwa ajili ya nyumba nyingine ambazo baba "amechoka".)

Binti yangu,

Nimesoma barua yako mara moja tu, imetosha. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na mitatu, kumi na moja kati ya hiyo huko Uganda katika wadi ya watu kama baba yako, na kila juma meza yangu hapa gazetini inaletewa barua za namna hii. Nakiri kwamba nyingine nazifungua nikiwa tayari nimechoka. Yako nimeifunga na kwenda kuosha uso kabla ya kukujibu.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Yule daktari hakupaswa kumtumia mtoto kumwambia mzazi habari ya ini lake. Hospitali ina wauguzi wanaojua Kibari, ina wafagiaji wanaojua Kibari, angemwita yeyote. Alikupa kazi ya mtu mzima, nawe ukafanya kile ambacho watoto wote wa nyumba yenu wamefundishwa: ukasema amechoka. Uongo wa siku ile una wenyewe wengi na wewe ni mdogo kuliko wote.

Lakini fomu uliijaza kwa kalamu yako. Na barua ya Alhamisi, ile "salamu tu", hiyo ni yako peke yako. Hapo hakuwepo daktari, hakuwepo mtu mgeni, na baba yako alikuwa mzima, hajalewa, mikono imetulia, anakuuliza kwa heshima wameandika nini. Ulikuwa na mtu wa kuambiwa ukweli na ukamnyima. Sikuandikii hivi ili ulie. Unaniuliza kama uiandike upya ile barua uondoe maneno mabaya. Mwanangu, hiyo itakuwa mara ya tatu! Na tayari watu wawili wamezuiwa barazani wasiende kutibiwa kwa sababu ya kitu ulichokiruka. Sijui ni akina nani, wewe pia hujui, lakini nao wana watoto nyumbani.

Sasa niseme na mama yako, umsomee hapa na umsomee yote. Dada yangu, nakufahamu bila kukuona. Umelea watoto ukimbizini na umemlinda mume wako asiaibike, na umechoka kweli kweli, si kwa maana ile mnayoitumia. Lakini bakuli lile la asubuhi liache leo. Kwete ni pombe. Bibi walipewa, ndiyo, na bibi hawakuwa na ini lililobonyezwa na daktari akatikisa kichwa. Kwa mtu aliyekaa siku sita bila kitu, bakuli la kwete ni njia ya kurudi kwenye kichupa, na umeona mwenyewe, ameshakiuliza. Mpe uji wa mtama usiochachushwa. Mpe samaki, mpe chai yenye sukari nyingi. Kichupa kimwage sasa hivi. Usikifiche, maana ulipokificha kwanza ulijua kiko wapi na yeye akajua kwamba unajua.

Na Swaka aiweke kamba yake. Namwambia kwa upole kwa sababu anampenda kaka yake. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, ukimkatia ghafla bila dawa, anaweza kupata kifafa, anaweza kuona wadudu ukutani, anaweza kufa. Mwaka mmoja ndugu wa mtu fulani walimfungia chumbani kwa nia njema kabisa kama ya Swaka. Siku ya pili alikuwa anapiga kelele, wakaambiana wamwache, pombe inatoka. Siku ya tatu alinyamaza, wakafurahi. Mimi ndiye niliyeletewa alipofunguliwa mlango, na hapakuwa na kazi ya muuguzi tena. Baba yako alipita hatari hiyo kule Rejaf kwa sababu alikuwa na Emilio kando yake na sindano ya kutuliza. Akirudia araki kwa majuma kadhaa, hatari inarudi nayo, na stoo haina sindano.

Nilikwenda ile nyumba mwezi uliopita, nikakaa nao siku nzima, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo karatasi haikueleza vizuri. Baba yako hatalazimika kuanza mwanzo, ila amwambie Emilio kuhusu kwete, siku ngapi na kiasi gani, asifiche. Akisema hawezi kulala pale mbele ya Soro, wana utaratibu wa kwenda asubuhi tatu kwa juma na kurudi nyumbani mchana, kwa wale waliokwisha kupita siku za kutetemeka. Duara hawamlazimishi mtu kusema. Nimemwona mzee mmoja aliyekaa majuma matatu akitazama viatu vyake, na hakuna aliyemsumbua. Kama duara linamchoma, aanze na mazungumzo ya watu wawili, yeye na mshauri, kwa Kibari. Karakana yao ina cherehani mbili na haina fundi wa kuwafundisha wengine, na hilo wamenituma nilitangaze. Wanawake wana chumba chao mbali, na mlango wake. Walio mjini hukutana Jumatano jioni kwenye ukumbi wa parokia, waliopona na wanaojaribu, na chai ipo. Yule wa baiskeli huja nyumbani hata kama mtu amekataa kurudi, anakaa, anaongea mambo ya mvua, anaondoka. Wakati mwingine ni mara ya tano ndipo mtu anapomfuata.

Na kuna jambo jingine. Karatasi ile ina upande wa nyuma. Wewe uliyeisoma mara mbili hukuliona, au uliliona ukadhani halikuhusu. Jumamosi mchana wana kikao cha vijana ambao wazazi wao wanakunywa. Mara ya mwisho nilihesabu saba, wasichana watano. Hawafanyi kitu kikubwa, wanaongea, wanapika mahindi, mmoja analia, mwingine anamcheka kidogo, kisha wanarudi makwao. Nenda hata kama baba yako hatakwenda. Hakuna fomu.

Nije kwenye swali lako. Sema, na sema asubuhi, kabla hajatoka kwenda barazani na kabla hajameza kitu chochote. Mama awepo. Swaka asiwepo, ana maneno mengi. Usipige magoti wala usianze na kilio, kwa sababu ukilia atakufariji, na akishakufariji hutaweza kusema tena. Simama unaposimama siku zote ukimsomea. Sema hivi: "Baba, ile nyumba haikuandika uongo. Aliyedanganya ni mimi. Niliogopa kukutaja na pombe." Basi. Usiongeze sababu. Halafu toa barua ya Emilio, usome neno kwa neno, pamoja na ini, pamoja na pombe, pamoja na Jumamosi. Kiswahili chako ni kizuri, utaweza.

Sitakuahidi kwamba atakushukuru. Yule ni mtu mwenye fahari na umemtoa mbele ya watu akiwa hana nguo. Huenda atanyamaza siku nyingi. Huenda karatasi inayofuata atampelekea mtoto wa jirani asome, nawe utakaa pale pale uani ukisikia mtoto yule akikosea maneno, na hutaruhusiwa kusahihisha. Hilo litauma nawe utalivumilia, kwa sababu ana haki ya kulifanya. Mama yako anaogopa atavunjika. Binti yangu, mtu aliyetembea kutoka Rejaf mpaka mjini kwa miguu akiwa ametoka kwenye homa ya siku tano, ili tu alitetee jina la mtoto wake, huyo havunjiki upesi hivyo. Anachokosa ni mtu mmoja nyumbani atakayemwambia jambo lilivyo.

Akiuliza, "Kwa hiyo mimi ni mlevi?" usijibu wewe. Mwachie mama ajibu, ni mume wake. Mama, jitayarishe tangu leo.

Akikubali, Swaka ndiye amsindikize Ijumaa, ndiyo kazi nzuri ya kumpa. Akikataa, mwandikie Emilio mistari miwili tu, kwamba barua imesomwa yote na Fundi amekataa kwa sasa, umpe mtu wa baiskeli. Kitanda kitakwenda kwa mwingine na hilo litaniuma mimi na wewe, lakini asubuhi tatu za juma zipo, na Jumatano ya parokia ipo, na yule wa baiskeli atakuja tu.

Kuhusu kuacha shule, sitaki kulisikia tena.

Kazi yako inaishia kwenye nukta ya mwisho ya barua ile. Kwenda au kutokwenda ni kwake. Kumwaga kichupa ni kwa mama yako, ini ni la Emilio na la daktari. Ukishasoma, ikunje, mpe baba yako mkononi aiweke yeye mwenyewe, hata kama hajui herufi moja, kwa sababu ni barua yake. Kisha chukua mkoba wako uende darasani. Utachelewa siku hiyo. Mwambie mwalimu wako ulikuwa nyumbani na baba, na akiuliza baba ana nini, mwambie anaumwa.